Jamaa Alikataa Chupa ya Babu

Kuna kitu nimekaa nacho miezi kadhaa na bado kinanikera, kwa hivyo leo nakitoa. Jamaa mmoja alikuja hapa Ntimaru akisema anakusanya chupa za zamani. Nikamtolea ile ya zamani kuliko zote nilizonazo, chupa ya babu inayokaa juu ya kabati la nyanya. Akaishika, akaigeuza mara moja, akanirudishia. "Hii hapana, kijana. Imezeeka. Nipe hizo zingine."

Hizo zingine zilikuwa chupa kumi na nane nilizookota kwenye harusi na sherehe ninazoitwa kushuti video. Mpya mpya. Lebo safi, vifuniko vipo, nyingine na boksi lake. Alizichukua zote, akanilipa keshi, mia mbili kila moja. Elfu tatu mia sita. Mimi nikaona nimeuza takataka kwa bei ya dhahabu, nikaenda kununua taa ya duara ya kushutia. Kama mnaona siku hizi uso wangu unang'aa kwenye video, ni hiyo taa.

Sasa hebu fikirieni. Mtu anasema anakusanya chupa za zamani, halafu anakataa chupa kwa sababu ni ya zamani. Na mimi, ninayejifanya mjanja wa chupa, sikushtuka hata kidogo.

Nitarudi kwa huyo jamaa. Kwanza niwaambie nilianzaje na hizi chupa, maana watu wengi mtaani wanadhani mimi ni mlevi tu mwenye kisingizio.

Ilikuwa 2020. Korona imefunga shule, tuko nyumbani hatuna kazi, na ukiwa Ntimaru mtandao unashika ukipanda mahali fulani tu, kwa hivyo habari mnazisoma kwa zamu. Binamu yangu akashuka mbio na habari moja: konyaki ya mwaka 1762, ya nyumba inaitwa Gautier, imeuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa pauni 118,580. Tukapiga hesabu kwa kalkuleta ya simu. Zaidi ya shilingi milioni 15. Kwa chupa moja ya pombe!

Sote tukageuka tukaangalia juu ya kabati.

Chupa ya babu ni ya Martell. Tupu, tangu nizaliwe ni tupu. Hadithi ya nyumbani ni kwamba babu, enzi zile akiwa dereva Kisumu, alipewa na bosi wake usiku wa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, bendera ikipanda. Hadithi hii imesimuliwa kwenye kila harusi na kila matanga ya ukoo wetu. Binamu akapanda kwenye kiti, akaishusha, akapangusa vumbi, akasoma lebo kwa sauti kubwa: 1715.

Akakaribia kuzimia. Chupa ya miaka mia tatu! Iko Kuria, juu ya kabati, karibu na redio mbovu! Tukaanza kugawana pesa. Mimi nilishachukua pikipiki mbili na kamera.

Shida ni kwamba 1715 ni mwaka ambao kampuni ya Martell ilianzishwa. Sio mwaka wa chupa. Ukiangalia Hennessy utakuta 1765, Rémy Martin 1724, na maana ni ile ile: mwaka wa nyumba kuanza biashara. Ingekuwa ni mwaka wa chupa, hiyo ya babu ingetengenezwa wakati Waomani wana miaka 17 tu tangu wawanyang'anye Wareno Fort Jesus. Lakini hilo nililijua baadaye. Siku ile nilichokuwa nacho ni shaka tu, na muda mwingi wa kukaa bure. Nikaanza kujifunza kusoma chupa.

Na kusoma chupa, wasee, ni tamu kuliko mnavyofikiria. Kama hujafika miaka 18, hapa sikualiki kunywa. Chupa tupu haina umri wa kisheria.

Unaanza na mshono. Shika chupa ya kioo kwa mwanga, utaona mstari mwembamba unaopanda pembeni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari ukiishia shingoni kabla ya kufika mdomoni, huo mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na hiyo chupa ni ya zamani kweli. Ukipanda mpaka juu kabisa, ni mashine. Mashine ya kutengeneza chupa bila mtu kupuliza ilibuniwa na Mmarekani, Michael Owens, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa hivyo mshono peke yake unaweza kukukatia karne nzima.

Halafu unaangalia nguvu ya pombe imeandikwaje. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Chupa zilizouzwa Uingereza na kwenye makoloni yake, sisi tukiwemo, ziliandikwa kwa kipimo cha "proof". Ukikuta 70° proof usipige kelele kwamba hiyo ni asilimia 70. Ni 40, kama ya leo. Kipimo chenyewe kilitokana na baruti: walikuwa wanalowesha baruti na pombe kisha wanaiwasha, ikiwaka basi pombe imefaulu. Uingereza iliacha mambo hayo ikahamia asilimia mwaka 1980. Marekani nao mpaka 1980 walikuwa na chupa za "4/5 quart" kabla ya kuingia mililita 750, ndiyo huu mzinga tunaoujua. Kwa hivyo maandishi mawili tu yanaweza kukuambia chupa iko upande gani wa mwaka 1980.

Ile mistari myeusi ya kuskani pia inasema. Bidhaa ya kwanza kuskaniwa dukani kwa mistari hiyo ilikuwa pakiti ya chingamu, Ohio, Juni 1974. Chupa yenye mistari haiwezi kuwa ya kabla ya hapo hata ikiapa. Onyo la serikali ya Marekani kwa wajawazito na madereva lilianza Novemba 1989. Ile alama ya mama mjamzito iliyopigwa mstari, Ufaransa waliilazimisha 2007. Na ukiona onyo la Kenya la afya, na lile la kutouzia walio chini ya miaka 18, ujue ni baada ya ile sheria ya pombe ya 2010 ambayo wazee wanaiita sheria ya Mututho.

Basi nikaikalisha chupa ya babu mezani kama mshukiwa. Mshono mpaka mdomoni. Asilimia 40, sio proof. Sentilita 70. Mistari ya kuskani, ipo. Halafu, chini karibu na kitako, nikaona kitu kidogo kimechapwa: herufi L na nambari. Hiyo ni nambari ya shehena, ambayo Ulaya walianza kuilazimisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alama ya mama mjamzito hakuna. Anwani ya tovuti hakuna.

Dakika kama ishirini hivi, na Uhuru wa babu ukasogea mbele miaka thelathini.

Nilikaa na hiyo siri wiki nzima. Babu alikuwa ameshafariki, na nani anataka kuwa mjukuu anayemfanya marehemu mwongo? Mwishowe nikamwambia nyanya peke yake, jioni, anachambua maharagwe. Hata hakuinua kichwa. "Babu yako alisema ni ya Uhuru," akasema. "Hakusema Uhuru gani."

Akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Halafu akanipa hadithi kamili. Chupa ya kwanza ilikuwepo kweli. Yeye mwenyewe aliifanya ya mafuta ya taa, na baba yangu akiwa mdogo akaivunja akicheza mpira ndani ya nyumba. Babu alinuna miezi. Miaka mingi baadaye alirudi kutoka Kisumu na nyingine, akaiweka pale pale juu ya kabati, na hadithi ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Watu wazima wote walijua.

Ndiyo siku nilipoanza kupenda hii kazi. Chupa ilinipa kitu ambacho miaka yote ya matanga haikunipa: nilimwona babu akiwa mtu.

Kuna jambo lingine la kuchekesha hapa mpakani. Ntimaru, Tanzania iko karibu kuliko Migori mjini, na ukitamka "konyagi" hapa hakuna anayewaza Ufaransa. Wanawaza ile pombe nyeupe ya Dar es Salaam, ya asilimia 35, inayovuka Sirari na Isebania. Lakini neno lenyewe ni lile lile. Konyagi ni cognac iliyozaliwa upya kwa Kiswahili, na cognac ni mji, uko kusini magharibi ya Ufaransa kwenye mto Charente. Kisheria, pombe isiyotoka eneo hilo haiwezi kuitwa hivyo: mvinyo wa zabibu za huko, uliokenekwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba, ukakaa kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka miwili. Ile V.S.O.P. ni miaka minne. X.O. ilikuwa sita, na tangu Aprili 2018 ni kumi. Hiyo miaka inahesabiwa kwa pombe changa kabisa iliyochanganywa humo.

Na sasa sikieni hili vizuri, maana hapa ndipo watu wanapigwa. Miaka inahesabiwa ndani ya pipa. Ikishaingia kwenye chupa, konyaki inaacha kuzeeka. Basi. Chupa ya V.S.O.P. iliyokaa kwa anko wako tangu 1995 bado ni V.S.O.P., ila ina vumbi. Anayekuuzia bei mara tatu eti "imekaa sana" anakuuzia vumbi. Mkusanyaji wa kweli analipia kitu kingine: konyaki ya wakati fulani ambao haurudi, lebo ya wakati huo, kioo cha wakati huo. Ile ya 1762 ina thamani kwa sababu ni ya kabla ya wadudu wa filoksera kula mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, na kwa sababu zimebaki chache sana. Analipia historia, na historia lazima ithibitishwe. Kwa hivyo anakagua mshono, lebo, kizibo, kila kitu.

Kumbe kuna mtu mwingine anayekagua chupa kwa makini hivyo hivyo.

Miezi mitatu baada ya kuuza zile kumi na nane, tulikuwa na mahari ya binamu yangu, upande wa Kegonga. Huku kwetu mahari ni ng'ombe, mnajua, na mazungumzo ya ng'ombe ni marefu, na upande wa bwana harusi hauji mikono mitupu. Walikuja na soda, mkate, sukari, na kwa meza ya wazee chupa moja ya konyaki ya Kifaransa ndani ya boksi lake. Jina nitaliacha, kampuni haina kosa. Watu walipiga makofi ilipotolewa. Mimi nilikuwa nashuti. Nikasogeza kamera karibu kupata picha nzuri ya chupa, zile zinazokaa vizuri kwa video, naizungusha polepole kwenye mwanga.

Nina tabia moja. Kila chupa ninayookota naiandika nambari kwa penseli, ndogo sana, kona ya chini ya lebo ya nyuma, na kistari chini yake. Hivyo naweza kujua ilitoka sherehe gani.

Kwenye kona ya chini ya lebo ya nyuma kulikuwa na 14. Na kistari.

Mwandiko wangu. Kwenye chupa iliyofungwa, imejaa mpaka shingoni, na stika ya KRA juu ya kifuniko.

Sijawahi kusikia moyo ukipiga masikioni namna ile. Nilizima kamera nikamwita anko pembeni. Nilimweleza kwa dakika moja, nikitarajia kofi. Hakunipiga. Alirudi kwenye meza, akainua chupa juu, akawashukuru wageni kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akasema zawadi ya heshima namna hii haiwezi kufunguliwa leo kwa haraka, wazee wataifungua siku ya mtoto wa kwanza. Wageni wakafurahi. Chupa ikaenda chumbani. Wazee wakanywa busaa yao kama kawaida.

Kesho yake tukaimwaga kwenye choo. Ilinuka kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha.

Shemeji wetu aliinunua dukani, kwa risiti, kwa bei kamili. Hajawahi kuambiwa. Shemeji, kama unasoma hii, wewe hukufanya kosa lolote. Ni mimi.

Najua kuna mtu ashaanza kusema naongeza chumvi, hiyo ni chupa moja. Sawa. Lakini hii biashara ni ya zamani, na waliotutangulia waliielewa. Marekani walipomaliza kupiga marufuku pombe Desemba 1933, wapika magendo walikuwa bado wapo na chupa zilikuwa tele. Serikali ikafanya nini? Kuanzia 1935 ikalazimisha kila chupa ya pombe kali ichongwe kwenye kioo chenyewe maneno ya kusema kwamba sheria ya nchi inakataza kuuza au kutumia tena chupa hii. Maneno hayo yaliendelea mpaka 1964. Leo wakusanyaji wa huko wanayatumia kukadiria umri wa chupa: yakiwepo, iko kati ya miaka hiyo au karibu yake. Alama tunayoitumia kujua umri wa chupa ilianza kama alama ya kuzuia jamaa kama yule aliyekuja kwangu. Nilipolijua hilo nilikaa chini.

Na kule juu kabisa, kwa matajiri, kuna kesi ya Rudy Kurniawan. Alikuwa California, anauza mvinyo wa nadra kwa mabilionea, na mvinyo mwingi alikuwa anauchanganya jikoni kwake na kubandika lebo mwenyewe. Chupa alizipata wapi? Baada ya karamu kubwa aliomba arudishiwe tupu. Watu walidhani ni mapenzi ya ukumbusho. Alipatikana na hatia Desemba 2013, akafungwa miaka kumi. Tofauti kati yake na jamaa yangu ni kwamba Kurniawan alitaka chupa kuukuu kwa sababu wateja wake wananunua ukuukuu. Wateja wa huku wananunua upya. Kwa hivyo chupa ya babu haikuwa na kazi kwake.

Msimamo wangu ni huu basi, na mtu akasirike akitaka. Anayenunua chupa tupu za pombe ghali zikiwa mpya, na kifuniko, na boksi, anaenda kuzijaza.

"Labda anatengeneza taa za mapambo." Wa taa hana haja na kifuniko. "Labda ni wa kuyeyusha kioo." Wa kuyeyusha ananunua kwa kilo, na hajali kama imevunjika vipande mia. Jaribu hivi: mwambie kabla hujampa utachana lebo na kukwaruza kioo kwa msumari. Akikubali, mpe hata bure. Akikunja uso, umeshamjua.

Sasa nasikia lile jibu lingine, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo lililokuwa langu: maisha ni magumu. Anayefagia baa saa kumi na moja asubuhi analipwa kidogo, na chupa mbili tupu ni nauli na maziwa ya mtoto. Nani atamwambia aache? Mimi siwezi kumhubiria, nimesimama mbele ya taa niliyonunua kwa pesa hiyo hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba huyo mfagizi hapaswi kuwa peke yake kwenye huo uamuzi. Mwenye baa anajua. Ukiuliza kwa nini chupa za konyaki zinawekwa kando ya zingine nyuma ya kaunta, zimepangwa vizuri, utaona anavyobadilisha mada.

Na dawa iko mbele ya macho yetu kila siku. Chupa ya bia ina kwao. Ina amana, ina kreti, ina lori linalokuja kuichukua, inaoshwa na kujazwa tena kiwandani na hakuna anayekufa. Hata mtoto wa Ntimaru anajua chupa ya bia ni pesa na ni wapi inarudishwa. Kwa nini chupa ya pombe ya elfu sita haina mpango kama ule, na ya bia inao? Wanaoileta nchini wangeinunua tena, au baa ilazimishwe kuitoboa mbele ya mteja. Gharama ya msumari ni shilingi ngapi?

Badala yake tumewekewa stika. Tangu 2013 KRA ina mfumo wa stempu za ushuru, na kuna programu ya simu inaitwa Soma Label ya kuzikagua. Ni kitu kizuri, itumieni. Lakini stika ya namba 14 niliiona kwa macho yangu na ilionekana safi, na hakuna mzee kwenye meza ya mahari atakayetoa simu kuskani zawadi mbele ya wakwe. Heshima haikubali, na wale jamaa wanalijua hilo kuliko sisi.

Kitu kingine kinachoniuma ni nani anakimbizwa. Mama pima anaruka ua na mtungi wake kila msako. Chupa yenye maandishi ya Kifaransa inapita kizuizini imekaa kiti cha mbele. Tumefundishwa kwamba sumu iko kwenye kikombe cha plastiki na heshima iko kwenye kioo. Na hilo lina mizizi: kwa sehemu kubwa ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua hizi pombe kali za dukani, zilikuwa za mzungu. Ndiyo maana chupa tupu ilikaa juu ya kabati kama cheti. Babu alikuwa anaonyesha kwamba na yeye amefika mahali alipokatazwa. Namwelewa. Lakini sisi tumezaliwa baada ya hayo yote na bado tunapiga picha na chupa, hata isiyo yetu, hata tupu.

Sitawadanganya kwamba konyaki feki ndiyo inayoua zaidi. Waliokufa Nairobi Novemba 2000, zaidi ya mia moja, walikunywa ya bei rahisi. Wa Mei 2014 katika kaunti kadhaa, vilevile. Wale 17 wa Kangai, Kirinyaga, Februari 2024, hawakuwa na konyaki mezani. Lakini anayejaza chupa ya elfu sita haagizi pombe Ufaransa. Anaitoa kule kule zinakotoka hizo za bei rahisi, na methanoli haijui lebo iliyoko nje.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi. Kwenye sherehe bado naokota, siwezi kuacha, lakini natembea na msumari na nyundo ndogo kwenye begi la kamera. Ninayoitaka kwa mkusanyiko naikwaruza lebo ya mbele, kitu ambacho mkusanyaji wa Ulaya akikiona atalia machozi, na kifuniko natupa chooni. Zingine navunja pale pale ndani ya gunia. Mara mbili nimefukuzwa na wenye jikoni wakidhani nimelewa. Mara moja bibi harusi mwenyewe alikuja na viatu mkononi akaomba avunje mbili, akasema imemtoa stresi.

Namba 14 niko nayo. Imetobolewa kitako. Imekaa kando ya ile ya babu juu ya kabati, na nyanya ameshaanza kuuliza lini ataletewa kifuniko aiweke mafuta ya taa.

Yule jamaa alinipigia tena wiki jana. Alikuwa na heshima sana, akauliza hali ya nyumbani, akaniambia bei imepanda, sasa ni mia tatu, na kama ziko na boksi mia tatu hamsini. Nikamwambia bado ninayo ile ya babu. Akakata simu.